Jiwe Lililoshika

Kuna watu ukikutana nao asubuhi wanakuuliza habari za nyumbani, wengine habari za watoto, wengine wanaanza moja kwa moja na kuomba chumvi. Jirani yangu wa Majengo, mwalimu wa fizikia, alikuwa ananiuliza habari za mtungi. "Bwana Mifugo, mtungi umefika?" Uso sijanawa, mswaki uko mdomoni, mtu kasimama upande wa pili wa uzio wa matete, shati limenyooshwa kama la bwana harusi, ananiuliza mtungi. Nikimwambia umefika, anataka kujua umejaa kiasi gani. Nikimwambia haujafika, anatazama upande wa stesheni na kutikisa kichwa, utadhani mimi ndiye ninayeendesha treni.

Mtungi wenyewe ulikuwa mali ya serikali, na mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, tena wa aina ile inayosoma maandishi yaliyobandikwa ubavuni mwa kitu kabla ya kukigusa. Miaka ile ya tisini ulikuja mradi wa kuboresha ng'ombe, nami nikapewa kazi ya kuhimilisha, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila dume. Mbegu za madume ya maziwa zinakuja zimegandishwa kwenye mirija midogo, zimezamishwa ndani ya naitrojeni ya maji, kitu cha baridi ambayo ukitia kidole, hicho kidole ukiage kwanza. Naitrojeni ikiisha, mbegu zimekufa. Mtungi ulipanda treni Tabora, na treni ya Mpanda nyie mlioipanda mnaijua, ina siku zake na siku zenyewe haizifuati. Njia nzima naitrojeni inafuka na kupungua. Kwa hiyo ukishafika, niliulinda kuliko nilivyomlinda mke wangu. Maneno hayo si yangu, ni ya mke wangu.

Alichotaka Mwalimu kwenye mtungi huo kilikuwa kikombe kimoja cha naitrojeni. Aliomba kwa miaka, nami nikamkatalia kwa miaka, na katika kuombana na kukataliana huko tukawa marafiki.

Asili yake siijui vizuri. Wengine walisema Mfipa, wengine Mbende wa kule Karema, mwenyewe ukimuuliza anakwambia "mimi ni mwalimu," habari imeishia hapo. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa adui wa kasoro. Mama muuza chapati pale sokoni alirudishiwa chapati kwa kosa la kutokuwa duara. Mama akaitazama chapati, akamtazama Mwalimu, akasema, "Mwanangu, ikifika tumboni itajikunja tu." Hakuila. Mwanafunzi akichora mstari bila rula, kazi nzima inarudiwa, hata kama jibu ni sahihi. Mlango wake ulipoanza kulia aliung'oa, akauranda upya, akaurudisha, ukalia sauti nyingine, akaung'oa tena.

Fundi aliyemjengea ukuta wa nyuma alikoma. Ukuta umefika kifuani, Mwalimu akaja na uzi wake, akapima, akauliza:

"Fundi, huu ukuta unakwenda wapi?"

"Ukuta hauendi, Mwalimu. Umesimama."

"Mimi naona unaondoka."

Ukabomolewa, ukajengwa upya, na fundi alipokuwa akiujenga aliongea na matofali kwa Kirundi. Mwalimu Kirundi hakukijua, akadhani jamaa anaimba. Mimi nilikielewa, nikaingia ndani nicheke vizuri.

Sasa mtu huyohuyo, jioni akikaa kwenye kigoda chake karibu na zizi langu, akishika bilauri ya chai ya rangi, neno lake lilikuwa moja. "Kasoro ndiyo inayoshika, Bwana Mifugo." Mara ya kwanza nilidhani ananisema mimi na mke wangu. Kumbe anazungumzia jiwe.

Alikuwa na mawili. Vidonge vyeusi vya ukubwa wa kifungo cha koti, amevilaza kwenye kopo la majani ya chai lililojazwa mchele mkavu, maana unyevu ndio ulikuwa adui wao mkubwa. Ulikuwa udongo wa kuoka, alisema, wenye shaba ndani na madini mengine ya majina marefu. Ukiupoza kwa baridi kali kama ile ya mtungi wangu, umeme unapita ndani yake bila ukinzani hata chembe.

"Hata chembe?"

"Hata chembe."

"Mwalimu, hapa Mpanda siku nyingi umeme hauna ukinzani wowote. Haupo."

Hakucheka. Mambo ya jiwe hakuyachekea kamwe. Alinieleza kwamba ukileta sumaku karibu na jiwe lililopoa, nguvu za sumaku zinapenya ndani kama nyuzi nyembamba. Umeme ukipita unazisukuma nyuzi hizo, na nyuzi zikianza kutembea tu, kazi imeharibika, inakuja hasara, linakuja joto, faida yote ya baridi imekwenda. Kwa hiyo unataka nyuzi zitulie mahali pamoja. Na hapo, alisema, ndipo dunia ilipo na vichekesho vyake, kwa sababu jiwe safi kabisa, lisilo na doa, halina pa kuzishikia. Zinateleza tu.

"Ndama wako unawafunga kwenye nini?"

"Kwenye kigingi."

"Na kwenye sakafu ya saruji, laini, nzuri, utakipigilia wapi?"

Nikamwambia siwezi kufuga ndama sebuleni. Akasema ndivyo. Basi wao huko alikosomea walikuwa wanalichukua jiwe safi na kulipiga mionzi. Mionzi inalitoboa ndani kwa ndani, vijeraha vidogo visivyoonekana hata kwa miwani ya mkemia, na kila kijeraha kinakuwa kigingi. Uzi wa sumaku ukifika hapo unakaa. "Tunaliumiza ili lishike," alisema, kwa upole ambao wanafunzi wake hawakuwahi kuuona.

"Na mkiliumiza sana je?"

Hapo aliweka bilauri chini. "Ukizidisha, linakufa. Linabaki kigae."

Mimi nilikuwa nimeuliza tu ili mazungumzo yasonge. Kumbe nimemgusa penyewe. Huko alikosomea, nchi ya theluji ambayo ilivunjika yeye akiwa ndani yake, alioka mawe yake mawili kwa mikono yake. Moja akaliacha safi, la kulinganishia. Jingine akalipeleka mahali pa mionzi, na kipimo cha mionzi alikichagua mwenyewe, kwa ubishi, kikubwa kuliko walivyomshauri wakubwa wake. Jiwe liliporudi, wakubwa hawapo, maabara imefungwa kufuli, na baridi hakuna. Akarudi nyumbani na kopo lake la chai bila kujua kama alichokibeba ni ushindi au kigae. Elimu yake yote, ujana wake wote, na ule ubishi aliobishana na watu wazima, vyote vilikuwa ndani ya kile kifungo cheusi. Na katika Mpanda yote, kitu pekee kilichoweza kumjibu kilikuwa kimefungwa kwenye banda langu pamoja na mbegu za madume.

Mtaa haukujua hayo. Mtaa ulichojua ni kwamba Mwalimu ana mionzi. Nani aliyelitoa neno hilo sijui, namshuku mke wangu. Wanawake wakaacha kuomba moto kwake. Wanafunzi wakamwita Mwalimu wa Jiwe, nao kila muhula aliwaahidi kuwaonyesha, na kila muhula hakuwaonyesha, mpaka mkuu wa shule akamwambia afundishe yaliyomo kwenye muhtasari na mawe awaachie watu wa barabara. Alinisimulia hilo akiwa ananyoosha shati, na pasi ilisimama mahali pamoja mpaka nikamkumbusha ainue.

Mke wangu, kwa toba au kwa umbea, akaamua kumtafutia mchumba. "Mwanaume mzima, msomi, anajipikia ugali. Ni aibu ya mtaa." Akamwita binti wa shangazi yake, mwalimu wa shule ya msingi Sitalike, msichana mcheshi ambaye tembo walikuwa wanapita uani kwake na hakuwa na habari nao. Mwalimu akampokea vizuri, akamtilia chai. Msichana akauliza, kwa uwazi wa watu wa kule, "Eti ni kweli una mionzi?" Badala ya kusema sina, jamaa akaanza kueleza. Akaeleza mionzi ya jua, akaeleza mionzi ya mawe, akaeleza mionzi ya hospitali, akaeleza namna inavyopungua mwaka hadi mwaka. Alipomaliza, dada wa watu alikuwa anaogopa vitu ambavyo alikuja haviogopi. Alirudi Sitalike kwenye tembo wake, salama zaidi.

Nilimgombeza. "Mwalimu, ungesema hapana tu."

"Hapana lingekuwa jibu la karibu, si jibu kamili."

"Basi lala na jibu kamili."

Sasa nimlete mzee wa Kisukuma, maana bila yeye hadithi hii ingebaki baina yangu na uzio. Alikuwa ameshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake, akatua nje kidogo ya Misunkumilo, mtu wa heshima, mfupi, fimbo begani, akiniita ng'wanawane, yaani mwanangu, ingawa mvi zetu zilikuwa sawasawa. Mifugo yake yote ilizaa isipokuwa jike mmoja mweusi mwenye paji jeupe, aliyempenda kuliko wote kwa sababu alitokana na ng'ombe wa mama yake. Dume limemjaribu, hashiki. Mimi nimemhimilisha, hashiki. Kwa wasiofuga niwaeleze: ng'ombe akibeba mimba sisi tunasema kashika. Asiyebeba, hajashika. Ni neno la kila siku zizini, halina mafumbo.

Jioni moja mzee yuko kwangu analalamikia jike wake, na upande wa pili wa uzio Mwalimu anamfafanulia fundi wa milango ambaye hakumuuliza. Sauti inatufikia: "Jiwe safi halishiki! Lakini ukilipiga mionzi, linashika!"

Mzee akakata maneno. Akausogelea uzio, akasikiliza, akabisha kwa fimbo.

"Mwalimu, mwadila baba. Nimesikia una jiwe linashika?"

"Ndiyo, mzee," anasema Mwalimu, uso umechangamka, mtu kamuuliza.

"Linashika lenyewe? Bila dume?"

"Bila chochote, mzee wangu. Linataka baridi tu."

Niliona jambo linaharibika na sikuweza kulizuia, kwa sababu nilikuwa nimeinama nashika mbavu. Nilipopata pumzi nikawaeleza wote wawili. Mwalimu alikasirika mpaka masikio. Akasimama kama yuko mbele ya darasa: "Kwanza tufafanue neno!" Akafafanua. Kushika huku na kushika kule, sumaku na mimba, mpaka giza likaanza kuingia. Mzee alimsikiliza kwa adabu zote, akashukuru, akaondoka. Njiani nikimsindikiza akaniambia, "Watu wa dawa ndivyo walivyo. Hawakiri haraka."

Halafu Mungu akatuchezea. Treni ilifika kwa wakati. Sikutarajia, stesheni yenyewe haikutarajia, waliokuwa wanaisubiri walikuwa bado nyumbani kwao. Mtungi mpya ukaja umejaa wakati wa zamani haujaisha. Nikahamisha mirija yangu yote, na chini ya mtungi wa zamani ikabaki naitrojeni ambayo haikuwa na mwenyewe tena. Isipotumika ingefuka tu na kwenda zake. Nikaita juu ya uzio: "Mwalimu! Leta kikombe!"

Nikaita tena. Akatoka, akasimama mlangoni, mikono kaificha mfukoni.

"Kesho, Bwana Mifugo."

Ala! Miaka yote ile ananiomba mswaki ukiwa mdomoni, leo nampa ananiambia kesho? "Kesho itakuwa imefuka!"

"Wanafunzi wako likizo. Nilitaka waone."

"Naitrojeni haina likizo!"

Hapo nikamwona vizuri. Alikuwa anaogopa. Jiwe likikaa kwenye mchele lilikuwa linaweza kuwa zima. Likiingia kwenye baridi litalazimika kusema ukweli, na kama ni kigae, basi wale wakubwa wake walikuwa sahihi na yeye ni mwalimu wa jiwe kweli. Nilimhurumia sana. Nikamtukana kidogo ili aje, na akaja na kopo lake.

Yule mzee alikuwa bandani tayari, jike wake mweusi kafungwa kwenye kibanio, maana alikuwa amepata joto asubuhi ile, yaani anataka dume. Nikamwambia mzee asubiri. Akasema atasubiri, kama ni mambo ya jiwe atasubiri.

Mwalimu akakata kipande cha boksi jeupe la chanjo, akakichimba kama kisahani, akalaza jiwe safi. Juu yake kipande cha kadi nene, juu ya kadi sumaku ndogo aliyoifunga uzi. Nikamimina. Ilichemka na kupiga moshi, mzee akarudi nyuma hatua na kumshika ng'ombe wake pembe. Kulipotulia Mwalimu akachomoa kadi, akavuta uzi taratibu. Jiwe safi lilijiinua upande mmoja kwa uvivu, likateleza, likaanguka. "Ndivyo lilivyo," alisema. "Halina kigingi."

Akalaza la pili. Nikamimina tena. Akasubiri zaidi ya ilivyohitajika, mpaka nikamwambia, "Vuta, mwanaume." Akachomoa kadi, akavuta.

Jiwe likapanda nayo.

Sumaku juu, jiwe chini, na katikati hakuna kitu. Niliona ukuta wa banda langu kupitia hapo katikati. Halikugusa, halikuzunguka, halikuteleza, limening'inia kwenye hewa limetulia kama ndama aliyefungwa. Mzee akachukua unyasi, akaupitisha kati ya jiwe na sumaku, ukapita, akautoa upande wa pili, akautazama unyasi kwanza, kisha akanitazama mimi. Mwalimu hakuwa anatutazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anasema, si kwetu, "Kipimo kilikuwa sawa. Kipimo kilikuwa sawa."

Baada ya muda jiwe likaachia, likadondoka kwenye majani makavu.

"Limekufa?" akauliza mzee.

"Hapana, limepata joto. Likipata joto linaachia."

Mzee akafikiri. "Ng'ombe akipata joto ndipo anashika. Hili lako ni kinyume."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu hakufafanua neno. Alicheka, akaketi kwenye debe, akacheka na kulia kwa pamoja, na tukalirudia, na kulirudia, mpaka mtungi ukakauka. Kisha nikavaa glavu yangu ndefu nikamhimilisha jike mweusi, kwa mrija kutoka mtungi mpya, kazi ya mikono yangu, na kila mtu akaenda kwake.

Jike akashika.

Basi nimekwisha. Mkono wangu uliingia kwenye ng'ombe yule mpaka begani, lakini sifa zote zikaenda kwa jiwe. Mzee alihubiri Misunkumilo yote kwamba ameliona kwa macho, limening'inia hewani, unyasi umepita, na siku hiyohiyo jike wake kashika. Ndama alipozaliwa, mtamba mwekundu, akaitwa Jiwe. Watu wakaanza kunijia kutoka mbali, na kabla sijafungua mtungi wananiuliza kwa adabu, "Na lile jiwe, lipo?" Wengine walikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, na Mwalimu anasimama mlangoni: "Kwanza tufafanue neno!" Wafugaji wanakaa chini, wanasikiliza somo zima la nyuzi za sumaku, wanashukuru, wanauliza bei. Aliwafukuza. Walipofukuzwa waliamini zaidi, kwa sababu tapeli huwa hafukuzi wateja.

Muhula ulipofunguliwa aliwaambia wanafunzi kwamba limeshika. Wakauliza nani kaona. Akawaambia, Bwana Mifugo na mzee wa ng'ombe. Darasa likaangua kicheko. Na mtungi, wacha niseme, haukubakiza naitrojeni tena. Treni ilikuwa imejisahau mara moja tu.

Kisha zikaja zile mvua watu walizoziita elinino. Reli ikakatika, mradi ukafa, mtungi wangu ukageuka pambo. Kwa Mwalimu ulianguka ukuta wa nyuma, ule ule uliopimwa kwa uzi, ulionyooka kuliko kuta zote za Majengo. Wangu uliopinda umesimama mpaka leo. Ulianguka na rafu iliyokuwa na kopo. Tulilikuta kwenye matope, kifuniko kimefunguka, mchele umevimba. Jiwe alilishika kwa vidole viwili na likavunjika kama udongo wa kichuguu, na lile safi vilevile. Maji yanalila, aliniambia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo sauti ya kawaida ndiyo iliyoniuma.

Alirudia jambo moja tu baada ya hapo, kwenye kigoda chake, bila kuniuliza mtungi tena. "Bwana Mifugo, sasa dunia nzima kuna mashahidi wawili. Wewe, na mzee anayeamini ni dawa ya ng'ombe."

Nilijaribu kumsaidia, haki ya Mungu. Nilipokwenda kilabuni nilieleza ukweli wote, nyuzi, vigingi, mionzi, kipimo kilivyokuwa sawa. Watu walinisikiliza, na kesho yake walikuwa wameshasahau. Nikisema habari ya ng'ombe kushika, hiyo hawakuisahau. Ukweli wetu uliteleza, ule uongo wa mzee ukakaa.

Mara ya mwisho kukaa naye karibu ilikuwa mnadani, mwaka alioondoka Mpanda kwa uhamisho. Nilimkuta kwenye mitumba, anageuza mashati ndani nje kutafuta kasoro, muuzaji kakata tamaa kainamia redio yake. Tukasimama tunaongea habari za safari. Upande wa ng'ombe dalali alikuwa amepanda juu ya gogo, kamshika kamba mtamba mwekundu mzuri, na mzee wetu yuko pembeni, fimbo begani, mdogo zaidi kuliko zamani.

"Huyu si ng'ombe wa kubahatisha!" dalali anapaza sauti. "Mama yake ni Jiwe! Jiwe mwenyewe! Ukoo huu haukosi, ukipandisha leo kashika leo! Mnaijua habari ya jiwe nyie?"

"Tunaijua!" wakaitikia, na kweli walikuwa wanaijua, watu wa Sitalike na watu wa bondeni ambao sijawahi kuwaona.

Jamaa mmoja aliyevaa kofia ya pama akabisha. "Uongo mtupu. Hakujawahi kuwa na jiwe. Hiyo ni hadithi ya Wasukuma ya kuuzia ng'ombe."

Mzee akatafuta kwa macho, akatuona. Akainua fimbo. "Mwalimu mwenyewe yule pale! Muulizeni!"

Mnada mzima ukageuka. Dalali akashuka kwenye gogo. "Mwalimu, tusaidie. Jiwe lilikuwepo? Lilishika, au halikushika?"

Nilimjua mtu yule. Niliuona mdomo wake unavyojiandaa, niliona kidole cha ubaoni kinavyoinuka, na nilijua neno la kwanza litakuwa kwanza, na la pili litakuwa tufafanue. Akisema hapana, atakuwa mkweli kwa habari ya ng'ombe, na jiwe lake litakufa mara ya pili, safari hii mbele ya watu wote. Akinigeukia mimi nieleze, nitaeleza, na kesho watakuwa wameshasahau. Alinitazama, akamtazama yule mtamba, na mzee ambaye mkono wake wenye fimbo ulikuwa umeanza kuchoka. Kidole kikashuka.

"Lilishika," alisema.

Watu wakapiga kelele, mwenye pama akacheka kwa kushindwa, dalali akarudi juu ya gogo lake. Mwalimu akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kikombe, "Sikudanganya, sivyo?"

"Hukudanganya, Mwalimu. Nililiona."

Na mimi, niliyemhimilisha mama yake Jiwe kwa mkono wangu huu, nikawa wa kwanza kupiga makofi.